Taroke Amuue au Amwache

Muheza, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Pulkeria,

Nakusalimu wewe, mpwa wangu Joviness, ng'ombe wako wawili na kila mgomba uliosimama. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto na sikio langu la kulia, ambavyo vilistaafu kabla yangu. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Ulipopiga simu wiki ya Krismasi nilisikia neno "beberu" na neno "Jumapili", nikajibu, "Ndiyo, ndiyo, hakuna tabu." Sijui nilikubali nini. Kama nimemwozesha mtu, nijulishe.

Wifi yako Mwaja anakusalimu sana. Michungwa mwaka huu imezaa hadi matawi yanainama, na kila mgeni akija anafungashiwa mfuko, atake asitake. Juzi Mwaja alimfungashia mtu aliyekuja kutuuzia machungwa.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Miaka thelathini na mitatu ya ualimu nilikuwa nikiwafukuza watoto wa watu mbele ya televisheni. Leo ikifika saa moja jioni anayefukuzwa ni mimi, kwa kuwa nimekaa karibu mno na wenzangu hawaoni. Kuna tamthilia inaitwa Wasiozikwa. Ni ya nchi ya mbali, milima na theluji, na imetafsiriwa na bwana mmoja mwenye sauti nzito ambaye akichoka anaruka maneno. Mtu anaweza kulia na kunung'unika dakika nzima, bwana yule anasema, "Anakataa."

Habari yake ni ya mashujaa wasiokufa. Wanachomwa mikuki asubuhi, mchana wanakula. Mmoja wao, Taroke, amemsaka mwenzake Beluni kwa miaka mia nne, kwa sababu Beluni ndiye aliyewafungulia maadui lango la kijiji chao, na kijiji kizima kikateketea. Wamebaki wao wawili. Sasa Taroke amepata upanga pekee unaoweza kumuua mtu asiyekufa, na tamthilia nzima imekuwa swali moja: amuue au amwache?

Mwaja anasema amwache. Mimi nasema kichwa kiende kwake na kiwiliwili kiende kwake. Wewe huko unasemaje?

Niandikie habari zote za Igurwa, isipokuwa za yule mtu. Sharti letu unalijua.

Kaka yako,
Rwegoshora


Igurwa, 2 Februari 2024

Kaka,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya Joviness, amesema nisiichanganye na yangu. Bado ni muuguzi hospitali ya Nyakahanga, wodi ya wazazi, na kila akija nyumbani anatuambia wamezaliwa mapacha wangapi kana kwamba ni wake.

Ulikubali yule beberu wako niliyekuwa nakufugia atolewe kanisani kwa ajili ya paa. Ametolewa. Mchungaji alikutaja mara mbili. Kama ulikuwa hujakubali, waitu, ndugu yangu, makofi yamekwisha kupigwa.

Wasiozikwa tunaiangalia! Joviness alituletea televisheni ya sola, na tangu hapo nyumba yangu imekuwa ukumbi. Jirani yangu Therese anakuja na kigoda chake na ungo wa maharage ya kuchambua, na anamsemesha Taroke kama mkwewe. "Geuka nyuma, wewe! Yuko nyuma yako!" Taroke hageuki, Therese anaruka, maharage yanamwagika, tunaokota wote.

Mimi niko na wifi. Amwache. Nakupa sababu yangu. Watu wote wa kijiji chao walikufa miaka mia nne iliyopita. Duniani kote, mtu anayejua mama yake Taroke aliimba nini akisaga nafaka ni Beluni peke yake. Akishamkata, atabaki na nani wa kumwuliza, "Unakumbuka?"

Sharti lako nimelishika, simtaji mtu. Nasema tu kwamba hapa Igurwa kuna mzee fulani ambaye macho yamefifia hadi juzi aliuuliza mgomba habari za asubuhi, na akangoja jibu. Desemba alilazwa siku nne kwa ajili ya moyo. Ametoka, anatembea polepole, ameambiwa asibebe ndizi. Simtaji.

Mdogo wako,
Pulkeria


Muheza, 25 Februari 2024

Pulkeria,

Marahaba, na marahaba nyingine ya mpwa wangu. Beberu nimemsamehe. Tukubaliane tu kwamba huo ndio msamaha wote nilionao kwa mwaka huu.

Ujanja wako wa kutomtaja mtu kwa mistari mitano nimeuona. Usisahau kwamba nilikuwa nasahihisha insha. Na kwa kuwa naona umri unakusahaulisha, nakukumbusha kwa tarehe.

Baba alifariki tarehe 9 Machi 1981. Nilikuwa chuoni Tanga, mwaka wa mwisho. Haikuja barua, haikuja telegramu. Tarehe 18 Aprili nilifika nyumbani kwa likizo, nimembebea Baba tumbaku ya kunusa, nikakuta kaburi limeshaota majani katikati ya migomba. Na Mwesiga, kaka yetu mkubwa, wa tumbo moja na sisi, amekaa kwenye kiti cha Baba na mkuki wa Baba umeegemezwa nyuma yake, mrithi kamili. Akaniambia mbele ya wazee, "Telegramu tulikupelekea. Hukuja kumzika baba yako, umekuja kula likizo." Yaani alinificha kifo ili arithi kila kitu mimi nikiwa mbali, kisha akanifanya mimi mwongo. Mimi nikamwita yeye mwongo, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Rugera. Siku ile nilisema sitakanyaga Igurwa mpaka yeye azikwe. Wewe ulikuwepo, umeshika kibuyu cha maji. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, kwa hiyo huwezi kusema ulikuwa mdogo hukuelewa.

Basi Taroke akate. Hoja yako ya wimbo wa mama ni nzuri, ningeipa saba kwa kumi. Lakini mtu aliyefungua lango hawezi kugeuka na kudai kuwa yeye ndiye mtunza nyimbo.

Mwaja anauliza kama maharage ya Therese yalipatikana yote.

Rwegoshora


Igurwa, 20 Machi 2024

Kaka, shikamoo.

Barua hii anakuletea Muzamil, mwenye duka la vitenge pale Kayanga. Mama yake ni mtu wa Tanga, anakwenda kuwasalimu wajomba zake, na Muheza iko njiani. Mpeni machungwa. Najua wifi hahitaji kuambiwa.

Ndani ya jani la mgomba utakuta kahawa ya kutafuna, ile ya kwetu, iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa juani. Mwambie wifi asiisage wala asiipike. Ni ya kuweka mdomoni moja moja, kama mgeni anavyokaribishwa. Najua huko haipatikani.

Mvua zimeanza vizuri, maharage yamechanua. Joviness amekataa posa ya mwalimu mmoja wa Rugera kwa sababu hacheki. Nikamwambia, "Baba yako naye alikuwa hacheki." Akasema, "Ndiyo maana, mama."

Kuhusu Taroke, kuna jambo nimeliwaza nikipalilia. Sisi watazamaji hatujaonyeshwa hata siku moja lango likifunguliwa. Tumemwona Taroke akisimulia tu, tena kwa hasira.

Kuhusu 1981 leo siandiki. Paa linavuja juu ya meza.

Pulkeria


Muheza, 18 Aprili 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Kahawa! Muzamil aliponikabidhi nilitia moja mdomoni palepale, kabla hata ya kumpa mgeni kiti, Mwaja akanikemea mbele yake. Ladha ni ileile: uchungu kwanza, halafu yale majani, halafu kitu ambacho Kiswahili hakina jina lake, na jina la Kinyambo ninalo lakini sijui linaandikwaje. Ndivyo tulivyo mimi na wewe. Kinyambo tunakisema, Kiswahili tunakiandika.

Mwaja alijaribu moja, akasema ni kama kulamba mlango wa duka la dawa. Nilifurahi, maana sikutaka kugawana. Natafuna moja asubuhi na moja jioni, nimefumba macho, na ninajikuta nimesimama kwenye uga wa Baba, na moshi wake, na samadi yake, na ng'ombe wanaoingia mmoja mmoja. Miaka arobaini na mitatu, Pulkeria. Mikono iliyoichemsha kahawa hii ibarikiwe.

Tamthilia imekwisha, utakuwa umeona. Nilishinda. Beluni alisimama tu, hakujitetea, Taroke akamkata. Mwaja aliinuka akaondoka sebuleni. Nikabaki mimi na ushindi wangu na zile dakika kumi za mwisho. Taroke amekaa juu ya jiwe. Theluji inaanguka, inayeyuka, inaanguka tena, na yeye bado amekaa. Kisha anaingia katika mji mmoja, anamwambia muuza mkate neno moja la lugha ya kijijini kwao, na muuza mkate anamtazama tu. Hata yule mtafsiri hakusema kitu. Safari hii sidhani kama alichoka.

Nilishinda, lakini wali sikuumaliza. Mwaja aliporudi kuondoa vyombo akasema, "Mwalimu, hao hawafi. Wana nafasi ya kuchelewa. Wewe una miaka sabini na presha." Nikamwambia asichanganye tamthilia na maisha. Akasema, "Nani kachanganya?"

Kaka yako,
Rwegoshora


Igurwa, 6 Mei 2024

Kaka, shikamoo, na ukae chini kwanza.

Ng'ombe mmoja amezaa ndama jike. Therese amegoma kuangalia televisheni tangu Beluni afe. Anakuja kama kawaida, anakaa kama kawaida, ila kigoda amekigeuzia ukutani.

Mikono uliyoibariki ni ya Mwesiga.

Nilikwenda kwake mwezi wa tatu kumpelekea maziwa, nikamkuta kwenye mibuni, anapapasa matawi kwa vidole kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Nikamwuliza, "Unafanya nini juani na moyo huo?"

Akasema, "Muzamil anakwenda Tanga?"

"Anakwenda."

"Basi punguza maneno, nishikie kikapu."

Alichuma mwenyewe, akachemsha mwenyewe, akaanika mwenyewe. Kuku aliwafukuza kwa makelele upande wowote, maana hawaoni. Akaniambia, "Usimwambie mpaka atafune."

Desturi unaijua. Kahawa ya mtu mliyekosana hutafuni. Ukiipokea na ukaitafuna, ugomvi umekwisha, hakuna baraza la pili. Ili usiseme nimetunga, nilikwenda kwa Mzee Elpidius, anayeamua mambo ya mila hapa kijijini, nikamwuliza kama inahesabika kwa mtu asiyejua imetoka kwa nani. Alifikiri muda mrefu sana, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Kahawa haiulizi."

Najua utakasirika. Kasirika, lakini andika.

Pulkeria


Muheza, 24 Mei 2024

Pulkeria,

Salamu chukua zile za barua iliyopita.

Kahawa iliyotafunwa kwa hila haimfungi mtu. Mwambie Mzee Elpidius kwamba hata mahakama ya mwanzo inalijua hilo. Kukubali ni kujua. Mimi nilitafuna kahawa ya mdogo wangu, sikutafuna ya Mwesiga. Zilizobaki nimewatupia kuku wa jirani. Zilikuwa tano, lakini kuku walipata nne, kwa kuwa moja niliitafuna kwa hasira kabla sijajua nafanya nini.

Sasa nina swali, na nataka jibu kwa maandishi. Tangu mwezi wa pili kila barua yako ina mkono wake ndani. Mara macho, mara moyo, mara wimbo wa mama, mara lango hatukuonyeshwa. Wewe si mke wake wala si wakili wake. Aliniibia maziko ya baba yangu, na wewe ulikuwepo ukaona. Kwa nini unahangaika hivi nimsamehe? Unapata nini?

Rwegoshora


Igurwa, 15 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari za ng'ombe.

Telegramu Mwesiga aliiandika. Aliiandika siku ileile Baba alipokata roho, kwa penseli, kwenye karatasi ya daftari langu, akanipa mimi niipeleke posta Kayanga. Wanaume walikuwa wametawanyika kuwapa habari watu wa ukoo, na msichana aliyejua kusoma nilikuwa mimi. Nilikwenda kwa miguu. Mvua ilinikamata bondeni ikanisindikiza hadi mjini. Nilipoitoa karatasi kifuani ilikuwa uji. Karani akasema, "Hapa hakisomeki kitu, binti. Sema kwa mdomo, mimi nitaandika. Kumetokea nini nyumbani?"

Bibi unamkumbuka. Sisi wasichana alitufundisha kwamba binti hatamki kifo cha baba yake kabla baba hajafukiwa. Ukikitamka, umemzika wewe. Ninyi wavulana hamkufundishwa hilo, na ndiyo maana Mwesiga hakujua amenituma nini. Karatasi ningeitoa. Kusema sikuweza. Nilisimama pale dirishani, karani akauliza mara ya pili, na ya tatu, watu nyuma yangu wakaanza kusukuma. Nikaondoka. Njiani nilijiambia nitarudi Baba akishazikwa, hapo mdomo utafunguka. Nilipofika nyumbani Mwesiga akaniuliza, "Umepeleka?" Nikasema, "Nimepeleka." Baada ya hapo lilikuwa limekwisha kusemwa.

Walikungoja siku tatu, kaka. Kila gari likisikika Mwesiga alikuwa anatoka hadi barabarani. Wazee ndio waliosema mwili hauwezi kungoja zaidi, na wazee ndio waliompa mkuki bila wewe kuwepo, hakujitwalia.

Mlipoitana waongo Aprili ile, kati yenu hakuna aliyedanganya. Mwongo alikuwa mmoja, na alikuwa amesimama hapo na kibuyu anawanawisha mikono.

Niliwaza niache mwaka ule upite, ndipo niseme. Kisha ukaanza kuniandikia, mimi peke yangu katika nyumba nzima, nikajua kwamba siku nitakayosema hutaandika tena. Umeuliza napata nini. Nilikuwa napata barua.

Mwesiga hajui. Nitamwambia hii ikishaingia kwenye sanduku la posta, nisipate njia ya kurudi nyuma.

Pulkeria


Igurwa, 3 Agosti 2024

Kaka, shikamoo.

Ni wiki ya saba. Posta nimekwenda mara nne. Dada wa pale akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafunga mwavuli.

Mwesiga nilimwambia. Alikuwa anamenya ndizi. Akamenya mbili zaidi, kisha akasema, "Kumbe hakuwa mwongo." Aliniomba nimpeleke kwenye kaburi la Baba, tukakaa pale mpaka jua likaondoka. Kwangu anakuja kama zamani. Chai yangu anakunywa. Ila mwanzoni mimi nilikuwa namwongezea sukari bila kuombwa.

Julai moyo ulimrudisha hospitali siku sita. Sikuandikii ili nikusukume. Nakuandikia kwa sababu kukupelekea habari ndiyo kazi niliyopewa.

Pulkeria


Muheza, 2 Septemba 2024

Mdogo wangu Pulkeria,

Marahaba. Marahaba kwa barua zote mbili.

Mwaja anakusalimu. Amenisema wiki nane mfululizo, asubuhi, mchana na jioni, kama dozi ya malaria. Goti ni lilelile.

Barua ya kwanza ya kukujibu niliiandika mwezi wa saba. Ilikuwa ya kurasa nne, na kwa lugha ilikuwa nzuri sana. Ungeisoma mara moja tu na usingeinuka. Mwaja aliikuta mezani akaisoma bila ruhusa, akaja nayo mkononi mpaka chini ya mchungwa nilipokaa. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto wa miaka kumi na mitano unayemkata kichwa hapa, ni wa darasa lako?" Nikaichana.

Maana watoto wa umri huo ndio niliowafundisha maisha yangu yote. Najua wanachoweza na wasichoweza. Nimewaona wamesimama mbele ya ubao, jibu wanalo, mdomo umefungwa, machozi yanashuka, na wenzao nyuma wanacheka. Nilikuwa namwambia mtoto kama huyo, "Kaa, utaniambia baadaye." Wengine waliniambia wakiwa na ndevu. Hakuna niliyemchapa kwa kuchelewa. Kwa hiyo wewe umesema, nami nimesikia. Kaa. Barua nitaandika mpaka vidole vikatae. Nilizianza kwa sababu ya ubishi wako, na ubishi wako hauna dalili ya kwisha.

Hilo ndilo lililokuwa jepesi.

Miaka arobaini na mitatu nimekuwa Taroke, Taroke mwenye pensheni. Nimemsema Mwesiga kwa wanangu, kwa majirani, hadi kwa Muzamil, huku natafuna kahawa ya huyohuyo Mwesiga. Na lango, ulisema kweli, sikuliona likifunguliwa. Nilimwita mwongo mbele ya wazee wote wa Igurwa mtu aliyekuwa akitoka barabarani kila gari likisikika. Nikamwachia aibu hiyo aishi nayo mahali ambapo kila mtu anamjua, mimi nikaja kuishi mahali ambapo hakuna anayenijua. Basi upanga si wangu. Ni wake. Na mimi ndiye niliyepiga kelele tangu Januari kwamba mwenye upanga akate.

Nataka kuja. Basi la kuja huko nimeshaliulizia. Lakini siwezi kuingia kwenye uga wa mtu niliyemfanyia hivyo kana kwamba nimealikwa harusini. Msomee barua hii yote, usiruke kama yule mtafsiri wetu. Kisha mwulize mambo mawili na uniandikie maneno yake kama atakavyoyasema: kama naweza kuja, na atanifanya nini nikifika.

Nimewasahihishia watu mitihani maisha yangu yote. Sikujua kwamba kungoja matokeo ni kazi ngumu namna hii.

Kaka yako,
Rwegoshora


Igurwa, 19 Septemba 2024

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza peke yangu, na hiyo nakuachia uikisie. Ya pili kwa Mwesiga. Ya tatu kwa Therese, aliyekuwa nyuma ya mlango na akalalamika kwamba hakusikia vizuri.

Mwesiga alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye Taroke mwenye pensheni alicheka hadi Joviness akamshika mkono kupima mapigo. Na kumbe tamthilia anaijua! Anasema tangu Februari alikuwa anakaa nje ya dirisha langu kusikiliza, hakutaka aonekane mzee mzima anashabikia mambo ya watoto. Nikamwuliza, "Na wewe ulikuwa upande wa nani?"

Akasema, "Wa Beluni. Yule kijana hakuulizwa hata mara moja."

Kisha nikamwuliza maswali yako. La kwanza halikumchukua muda. Alisema, "Aje. Hapa ni kwao, anaombaje ruhusa?"

La pili alilifikiria, akaomba maji, akanywa. Nayaandika maneno yake kama ulivyoagiza, bila kuruka:

"Mwambie mimi ni mkubwa wake kwa miaka minne. Kaka mkubwa hakati mtu kichwa, anachapa. Fimbo niliichonga mwaka uleule, siku alipoondoka bila kuaga, na iko nyuma ya mlango wa chumba changu. Tatizo ni mkono. Hauinuki zaidi ya hapa." Akanionyesha. Ulifika kifuani, ukatetemeka, ukashuka. "Kwa hiyo itabidi aje aniinulie yeye mwenyewe."

Panda basi, kaka, kabla haujashuka zaidi.

Mdogo wako,
Pulkeria